Zamu ya Namba Yangu

Jumatatu, 2 Septemba

Unga umeumuka vizuri leo. Mandazi yamekwisha mapema, yamebaki mawili ya kuungua nikayala mwenyewe. Kisha depo, kununua unga wa kesho, mafuta, sukari, amira. Foleni ndefu. Clarisse wa kwenye mashine ya malipo, kucha nyekundu kama kawaida, na neno lake lilelile kwa kila mteja: "Namba?"

Leo kwa mara ya kwanza tangu Mei nimetaja ya kwangu. Mei na Juni nilitaja ya Maman Aline. Julai na Agosti ya Maman Bahati. Sasa zamu imefika kwangu. Wanawake wanne tunanunua, namba ya simu ni moja, na pointi zote zinaingia kwangu mpaka Oktoba iishe.

Nimetoka dukani kifua mbele kama niliyeshinda uchaguzi. Ujinga mtupu. Nimefurahi hata hivyo.

Alhamisi, 5 Septemba

Mume wangu anasema pointi ni peremende ya kumnyamazishia mtoto. Yeye ni fundi wa milango ya chuma, haamini kitu kisicholia kikigongwa. Nimejaribu kumweleza, akasinzia. Basi nijieleze mwenyewe.

Ukinunua, unapata pointi kulingana na ulichonunua. Zikiwa chache, kadi yako ni ya kijani. Zikifika kiwango fulani inakuwa ya bluu, kisha ya dhahabu. Mwenye dhahabu kila anachonunua kinahesabiwa mara mbili, na ni yeye tu anayeruhusiwa kuchagua zawadi za rafu ya juu: cherehani, oveni, friza. Wa kijani anapewa kikombe. Mwaka jana nilipewa kikombe, mkono wake ukakatika wiki ileile.

Muuza mandazi peke yake hatoki kijani mpaka anazikwa. Ngazi iko pale, wachache wanapanda, wengi tunaitazama. Na sisi watazamaji ndio tunaorudi kila siku! Napita maduka matatu yenye unga uleule, bei ileile, kwenda kwa huyu bwana mwenye depo kwa ajili ya kitu ambacho hata hakishikiki. Siwezi kumchukia. Mtego ukiwa mzuri, hata aliyenaswa ausifu.

Lakini fundi wa mtego amekutana na fundi mwenzake. Anaitwa Maman Nsimire.

Jumamosi, 14 Septemba

Maman Nsimire amepita kwangu kunywa chai kabla ya kurudi Bukavu. Anavuka daraja la mpakani la Ruzizi karibu kila siku, anakuja huku Kamembe mikono mitupu, anarudi na unga na mafuta mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Kati ya sisi wanne yeye ndiye anayenunua mzigo mkubwa. Nusu ya pointi za kila zamu ni jasho lake.

Wazo lilikuwa lake. Likelemba kila mtu anaijua: kila mmoja anatoa, mmoja anakula, mwezi ujao mwingine. Sisi sote tumelelewa na likelemba, imetulipia karo, imetuzikia wazee. Ila nani aliwahi kufikiria likelemba ya pointi? Yeye. Alisimama foleni siku moja, akasoma karatasi ya masharti iliyobandikwa ukutani ambayo sisi tuliiona pambo, akaona kwamba wanne wa kijani wakisimama kwenye namba moja wanakuwa dhahabu mmoja.

Ananiambia leo, anapuliza chai: "Pointi ni ahadi, Maman Zuhura. Patron anaombaka tusahabu."

Kweli kabisa. Ahadi ni deni, na tajiri anafurahi mdai akisahau. Nimecheka mpaka chai imenipalia.

Yeye anakula wa mwisho, Novemba na Desemba. Mwenye kuanzisha likelemba hali kwanza, watu watasema ameianzisha kwa ajili ya tumbo lake. Anataka friza. Goti la kulia limekwisha, daktari amesema halitaki tena mzigo. Akipata friza atakaa nyumbani, auze barafu na jus baridi ya matunda ya marakuja, shule iko mbele ya mlango wake. Na ana akiba: kabla ya likelemba alikuwa na pointi zake za zamani, nyingi, amebakiza kidogo tu kufikia friza. Zamu yake ikifika hatahitaji kubeba sana.

Alipoinuka alishika meza kwa mikono miwili. Nilijifanya natafuta sukari.

Jumatano, 25 Septemba

Ugomvi depo. Maman Aline alinunua sabuni kwa namba yake mwenyewe. Vipande vya sabuni tu, vya kufulia nyumbani kwake, akidhani si kitu. Maman Nsimire alikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Hakupiga kelele. Ingekuwa mimi ningepiga. Alimwambia taratibu, mbele ya Clarisse na foleni nzima, kwamba zamu ya mtu ni yake yote, hata kibiriti cha nyumbani kwako kinaingia kwa mwenye zamu. Maman Aline alikuwa ameshakula zamu yake, cherehani iko kwake inafanya kazi. Akaona haya. Sabuni ikafutwa kwenye mashine, ikaandikwa upya kwa namba yangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Ugomvi wote huo, na kisa chake mimi, kwa povu la sabuni! Lakini nikitembea kurudi nyumbani nimeelewa. Hatuna karatasi, hatuna polisi, wawili wanatoka ng'ambo ya mto na wawili wa hapa. Kinachotushika ni kwamba huyu mama hapindishi. Namwogopa kidogo. Namheshimu zaidi.

Ijumaa, 4 Oktoba

DHAHABU.

Ujumbe umeingia nikiwa nakaanga. Nimeunguza chungu kizima. Namba yangu, mimi, muuza mandazi wa Kamembe, kadi ya dhahabu. Sasa kila gunia analobeba Maman Nsimire linahesabiwa kwangu mara mbili.

Nimekwenda depo bila haja ya kununua, kuitazama tu oveni. Ipo pale juu, ina mlango wa kioo. Nitaoka mikate. Nitaoka keki za harusi. Watu wa Kamembe wanaagiza keki mbali wakati mimi niko hapa! Clarisse ameniuliza kama nataka kiti.

Maman Nsimire alikuwepo, amenikumbatia. Simu yake ikalia, ujumbe wa depo, najua mlio wake. Aliusoma, akairudisha kifuani. Nikamuuliza kama ni habari njema. Akasema ni matangazo. Clarisse alimtazama kwa jicho nisilolielewa.

Anachechemea wazi sasa.

Jumanne, 15 Oktoba

Maman Nsimire hajavuka. Maman Bahati anasema goti limevimba kama papai. Nimekwenda depo, nimerudi. Mandazi yamekuwa magumu. Sina hamu ya kuandika.

Jumatano, 16 Oktoba

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Clarisse ameniita pembeni. Pointi za zamani za Maman Nsimire hazipo. Zote zimefutwa tangu juzi. Sharti liko ukutani kwa herufi ndogo: namba ikikaa miezi sita bila kununua kitu, pointi zake zinakufa. Na namba yake imelala tangu Aprili, kwa sababu tangu likelemba ianze kila kitu alichonunua kiliingia kwa mwingine. Kwa Maman Aline. Kwa Maman Bahati. Kwangu!

"Nilimwambiaka, Maman. Sistemu ilimutumia ujumbe mara tatu. Nikamwambia anunue hata kibiriti, kimoja tu, kwa namba yake. Alicheka."

Kibiriti. Kitu cha kutoa mfukoni bila kuangalia. Asiyekuwepo na lake halipo, sawa, lakini huyu alikuwepo! Alikuwepo kila siku, na gunia mgongoni, mbele ya mashine ileile, akitaja namba yangu.

Sasa zamu yake itaanza na kadi ya kijani na mkono mtupu. Itabidi abebe Novemba yote na Desemba yote, yeye mwenyewe, maana sisi watatu bila mzigo wake hatufiki rafu ya juu. Au aache friza. Goti au friza. Na mimi hapa na dhahabu yangu.

Mpumbavu yule mama. Mpumbavu kabisa. Nimelia.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimevuka daraja leo baada ya mauzo. Nilikuwa nimepanga maneno makali njia nzima. Nimemkuta amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto, anakamua marakuja.

Nikamuuliza juu ya nini hakununua kile kibiriti. Hakujifanya haelewi.

"Miye njo nilitia ile sheria. Nilimupatisha Maman Aline haya mbele ya batu juu ya sabuni. Leo nikivunja na kibiriti, kesho mwingine atavunja na gunia. Kisha likelemba iko wapi?"

Nikamwambia hakuna ambaye angejua. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mwenye goti bovu.

"Miye ningejua."

Nilikamua marakuja naye mpaka jua likaanza kuelekea magharibi, nikarudi kabla mpaka haujafungwa. Sijui kama ningeweza kufanya alichofanya. Najua. Nisingeweza. Ningenunua kibiriti, na ningejiambia ni cha kuwashia jiko.

Jumapili, 20 Oktoba

Kuna njia. Nimeiona tangu juzi na nimeikimbia tangu juzi.

Pointi hazihamishwi kutoka namba hadi namba, hilo liko wazi. Lakini mwenye dhahabu anachagua zawadi yoyote ya rafu ya juu. Oveni na friza ziko rafu moja, pointi zilezile. Naweza kuchagua friza.

Na oveni yangu? Nitaingoja zamu ya mwisho. Zamu ya mwisho bila mzigo wa Maman Nsimire, maana akipata friza habebi tena. Inawezekana isifike. Inawezekana nisipate kitu zaidi ya kikombe kingine.

Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Nataka oveni yangu. Naitaka sana. Nimeshampimisha mume wangu mahali pa kuiweka. Nina miaka hamsini na mbili na sijawahi kuwa na kitu kipya chenye mlango wa kioo.

Halafu hatakubali. Zamu haipewi mtu kama sadaka, atasema. Na atakuwa na haki.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimemuuliza Maman Bahati, kama mzaha tu, likelemba zao za kule Bukavu zinafanyaje mtu akipatwa na shida. Anasema zamu haitolewi zawadi lakini hubadilishwa. Mwenye zamu aombe mwenyewe, mbele ya wote, na awe na sababu yake. Wenzake hawakatai.

Basi natakiwa kuwa na shida. Sina shida. Mume mzima, batoto wazima, nyumba haivuji. Ndiyo mara ya kwanza nasikitika kwa hilo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Imefanyika.

Tulikutana kwangu sote wanne, kama tunavyofanya kila zamu ikifungwa. Maman Nsimire aliletwa na pikipiki kutoka mpakani. Pointi zimetimia. Maman Aline alikuwa amekuja na kitambaa alichokishona kwa cherehani yake, cha kuifunikia oveni yangu. Chenye maua. Nilikaribia kughairi pale pale.

Nikasema naomba kubadilishana zamu na Maman Nsimire. Nyaya za umeme za nyumba hii ni nyembamba, nikasema, fundi ameniambia oveni itachoma nyumba. Nichague friza sasa iende kwake, mimi nitakula wa mwisho, nyaya zikiwa zimebadilishwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko zote. Maman Aline akafurahi, akasema kaka yake ni fundi umeme, atakuja kesho asubuhi atazitengeneza bure!

Nikasema nyaya ni za zamani sana. Akasema kaka yake anazijua za zamani. Nikasema ukuta una unyevu. Mume wangu, ambaye alikuwa anapita na chai, akauliza ukuta upi. Ningemmwagia ile chai.

Maman Nsimire alinitazama, kisha akaitazama taa ya sebuleni inayowaka bila kucheza, kisha akanitazama tena. Nikajua amejua. Nikangoja akatae.

"Maman Aline, acha kaka yako apumzike," akasema. "Waya za hii nyumba miye nazijua. Ziko mubaya sana."

Akashika goti lake kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaniwekea juu ya wangu.

"Nakubali zamu. Aksanti."

Halafu, kama ilivyo kawaida yake, akili ikaanza kazi. Tusihamie kwenye namba yake, akasema, yake ni ya kijani, itabidi kupanda ngazi upya. Namba yangu haitashuka leo wala kesho eti kwa sababu tumechukua zawadi, dhahabu inadumu mpaka mwaka uishe. Tubaki hapohapo, kila kitu kihesabiwe mara mbili. Sote tulitazamana. Hata akipokea anatoa! Mume wangu, asiyeamini pointi, aliweka sinia chini akasema huyu mama angepewa benki.

Kitambaa cha maua Maman Aline amekiacha. Nimekikunja.

Jumamosi, 9 Novemba

Friza imevuka.

Ilibebwa na yule bwana mlemavu mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anayepitisha mizigo mpakani, tumeifunga kwa kamba na blanketi, mimi na Maman Bahati tukisukuma nyuma. Ushuru umelipwa wote. Kuna mtu alitunong'oneza njia ya panya, Maman Nsimire alimtazama mara moja tu, akapotea.

Upande wa pili watoto wa shule walisimama kuiangalia kama ni mgeni rasmi. Imewashwa. Imenguruma. Maman Nsimire alifungua mlango wake, akaingiza mkono ndani, akautoa, akauweka kwenye goti.

Nimerudi peke yangu kwa miguu. Nilikuwa na wivu kidogo. Nilikuwa na furaha zaidi ya wivu, lakini wivu ulikuwepo, nauandika.

Ijumaa, 15 Novemba

Depo bila Maman Nsimire ni foleni tu. Nanunua unga wangu, natoka. Maman Aline ananunua, Maman Bahati ananunua, pointi zinaingia lakini pole pole. Nimemuuliza Clarisse kama tutafika mwisho wa mwaka. Ametazama mashine, akasema labda. Clarisse hasemagi labda kwa kitu kinachowezekana.

Sioni haya kusema nimemkumbuka yule mama kuliko oveni.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mandazi yametoka kidogo, watu wamejifungia.

Nilikwenda depo saa nne. Foleni fupi. Mbele yangu, watu watatu mbele, nikaona kilemba ninachokijua, na fimbo. Amevuka daraja kwa mvua hii kununua sukari ya jus, mfuko mmoja. Sukari iko Bukavu kila kona.

Hakuniona. Alifika kwa Clarisse, Clarisse akauliza neno lake. Akaitaja namba yangu yote kwa kichwa, polepole, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayehakikisha haikosewi.

Sikumwita. Nilingoja amalize, nikanunua unga wangu, nikamkuta nje chini ya ukingo wa bati akingoja mvua ipungue. Nikauchukua mfuko wa sukari, nikauacha unga wangu kwa Clarisse, nitaufuata baadaye. Tukaenda wote mpaka mpakani, mimi na mfuko, yeye na fimbo, tukisimama kila alipotaka kusimama.